Mtoto hasahau: Tumtibu pamoja na nyumba yake



Kuna kauli moja inayosemwa majumbani mwetu kila baada ya msiba, talaka au ugomvi mkubwa. Watu wazima hutazamana, kisha mmoja wao husema: "Huyu bado mdogo, atasahau." Baada ya hapo mtoto hupewa sahani yake ya wali akale nje na wenzake. Leo katika safu yetu ya afya na usafi tuitazame kauli hiyo. Kwa maoni yangu imewaumiza watoto wengi hapa Ilembo, na Mpanda kwa jumla, na inawaumiza kimya kimya kwa sababu maumivu yenyewe hayatoi damu wala hayapandishi homa.

Tazama sheria yetu ilivyo na hekima kwa mtu mzima. Mwanamke akifiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mtaa mzima unajua kuwa fulani yumo edani. Hakuna anayemtaka achangamke, hakuna anayemshangaa akilia, na majirani humpelekea chakula. Lakini mtoto wa marehemu yuleyule, khitma ikishasomwa tu, anatakiwa avae sare za shule, na jioni aende madrasa na juzuu yake mkononi. Akikwama kwenye aya ambayo wiki mbili zilizopita aliisoma bila kusita, anachapwa. Hakuna aliyekaa naye akamweleza baba amekwenda wapi, kwa nini hakuaga, na kama mama naye atakwenda. Huzuni ya mtoto haina eda.

Na hapa sisi Waislamu hatuna udhuru. Katika sahihi mbili, Bukhari na Muslim, imepokewa habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (RA). Alikuwa na kindege chake alichokuwa akikichezea, kikafa. Mtume (SAW) alipomkuta na huzuni hakusema kwamba ni kindege tu. Alimwita kwa kuniya yake kama anavyoitwa mtu mzima, akamuuliza habari za kindege chake. Kiongozi wa umma, mwenye majeshi na wajumbe wa kupokea, alimpa nafasi mtoto mdogo aliyefiwa na ndege. Sisi tunashindwa kumpa nafasi mtoto aliyefiwa na mama!

Maumivu ya moyo hutokea wapi mwilini?

Mtoto mdogo hana maneno ya kusema "nina sonona" au "nina kiwewe". Mwili wake na tabia yake ndivyo vinavyosema. Mmoja ataumwa tumbo kila asubuhi ya siku ya shule, na Ijumaa jioni tumbo linapona. Mwingine atakuwa mkali, anapiga wadogo zake, anavunja vitu. Mwingine, na huyu ndiye tunayemsahau zaidi, atakuwa mtulivu mno. Watu watamsifu kuwa ana adabu, kumbe hali vizuri, halali, na hachezi tena. Wapo wanaong'ang'ania kanga ya mama hata akienda chooni. Wapo wanaorudi nyuma: mtoto wa miaka saba aliyekwishaacha kunyonya kidole anaanza tena. Wakubwa kidogo hutoroka madrasa, hushindwa masomo, au huanza kukaa na makundi.

Dalili kama hizi zikidumu siku chache baada ya tukio zito ni jambo la kawaida. Zikipita wiki nne na bado zipo, au zinazidi, hapo panahitaji msaada. Na mtoto akianza kusema kuwa anatamani kufa, au akijiumiza makusudi, usisubiri hata siku moja. Usimkemee kuwa amekufuru. Mkalishe karibu, usimwache peke yake, ondoa dawa za panya na za kuulia wadudu shambani mahali anapoweza kuzifikia, kisha mpeleke hospitali.

Kwa kuwa safu hii ni ya afya na usafi pamoja, nikae kidogo kwenye jambo moja linalozikera nyumba nyingi: kikojozi.

Katika nyumba ya Kiislamu mkojo kitandani una uzito wa pekee kwa sababu ni najisi. Alfajiri mama anataka kuswali, chumba kinanuka, godoro limelowa, shuka alizifua jana tu. Hasira inapanda, na mtoto anaamshwa kwa kofi. Wapo wanaomvika shuka lenye mkojo shingoni na kumzungusha uani ili wenzake wamcheke. Wapo wanaomnyima maji tangu adhuhuri. Mzazi mwenzangu, hakuna mtoto aliyeacha kukojoa kwa sababu ya kuaibishwa. Mtoto haamui kukojoa, amelala! Unapomtia hofu ya kulala ndipo unapoongeza tatizo.

Kitabibu, mtoto wa chini ya miaka mitano anayekojoa usiku hahesabiwi kuwa mgonjwa, na wapo wengi wanaochelewa kuacha hata wakiwa na miaka saba, hasa kama baba au mama naye alichelewa. Wa kuangaliwa zaidi ni yule aliyekwishaacha kwa miezi sita au zaidi kisha ghafla akaanza tena. Huyo mpeleke kwanza zahanati apimwe mkojo. Anaweza kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Anaweza kuwa na kisukari, hasa kama anakunywa maji mno na anakonda, na hilo ni la haraka. Akikojoa damu, fikiria kichocho, kwa sababu watoto wetu wanaoga na kucheza kwenye maji ya mabondeni na mashamba ya mpunga. Hata kufunga choo huweza kubana kibofu. Vipimo vikionyesha hana ugonjwa, basi jiulize: nini kilitokea nyumbani miezi hii? Nani alikufa, nani aliondoka, nani alihamia, nani anampiga nani usiku? Na je, kuna mtu anayemgusa mtoto huyu isivyofaa? Swali hili la mwisho ni chungu, lakini liulizwe.

Kuhusu usafi wenyewe, funika godoro kwa nailoni nene, juu yake weka shuka kuukuu linalofulika upesi. Mtoto akojoe kabla ya kulala. Asubuhi asaidie kutoa shuka na kulitia majini, bila maneno ya kejeli, aoge, avae nguo twahara, aswali na wenzake. Akiamka mkavu, msifu. Akiamka ameloa, nyamaza. Godoro likilowa, lioshwe pale palipolowa na litolewe juani, upande wa nyuma ya nyumba, siyo barabarani kila mpita njia aone. Aibu ya mtoto ni sitara ya mzazi.

"Ana jini huyu"

Najua wapo wasomaji ambao wakisoma dalili nilizotaja watasema moja kwa moja kuwa ni majini au mtoto ametupiwa jambo. Sitaki ugomvi wa kiitikadi hapa. Kuwepo kwa majini tunakuamini, na kumsomea mtoto Qur'an ni jambo jema linalomtuliza yeye na mzazi wake. Ninachopinga ni haraka. Mtoto anayeanguka na kutoa povu huenda ana kifafa, na kifafa kina dawa za vidonge zinazotuliza degedege kwa wagonjwa wengi. Mtoto anayeweweseka usiku tangu baba yake alipogongwa na pikipiki ana sababu inayoonekana kwa macho. Kumpeleka kwa mpiga ramli atakayemtaja shangazi au jirani kuwa ndiye mchawi ni kumwongezea mtoto jeraha la pili: sasa amefiwa, na zaidi ya hapo ameambiwa kuwa shangazi anayempikia uji ndiye aliyemuua baba. Anayesoma ruqya na asome. Lakini asimzuie mtoto kwenda hospitali, na asimchape eti anampiga jini.

Elimu hii ya kutibu nafsi si ya kigeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Balkh katika Afghanistan ya leo aliyefariki mwaka 934 Miladia (322 Hijria), aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Alilalamika kuwa matabibu wa zama zake wanashughulika na mwili na kuiacha nafsi, ilhali kimoja kikiugua na kingine huathirika. Alieleza hofu, hasira, huzuni na wasiwasi kila moja peke yake, na akashauri namna ya kuyakabili mawazo mabaya kwa mawazo mema ambayo mtu ameyaweka akiba wakati yu mzima. Huko ni karibu miaka elfu moja kabla ya Wazungu kufungua kliniki za kazi hiyo.

Walichofanya watu wa Moshi

Sasa utauliza, tiba yenyewe ikoje? Tena sisi tuko Katavi, mabingwa wa magonjwa ya akili kwa watoto tutawapata wapi? Swali zuri. Mfano wa karibu tulio nao uko hapahapa Tanzania, mkoani Kilimanjaro.

Mjini Moshi na katika vijiji vyake, na pia Bungoma magharibi mwa Kenya, ilifanyika kazi ya kuwatibu watoto waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili. (Katika fiqhi yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Hao walihesabu na aliyefiwa na mama, na kwa jambo hili naona wamefanya sawa, kwani machozi hayachagui.) Moshi iliendeshwa na shirika la TAWREF na Bungoma na shirika la Ace Africa, wakishirikiana na vyuo vikuu vya Duke na Washington vya Marekani. Walianza Moshi kwa jaribio la watoto 64, matokeo yake yakatolewa mwaka 2014. Kisha likaja jaribio kubwa la watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, nusu Tanzania na nusu Kenya, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020.

Jambo la kwanza la kuzingatia: waliotoa tiba hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida, wasiokuwa na uzoefu wowote wa tiba ya akili. Walifundishwa, kisha wakasimamiwa kwa karibu.

Jambo la pili: hawakumtibu mtoto peke yake. Watoto walikaa kwenye kikundi chao mara moja kwa wiki, vikao 12, na walezi wao, awe mama, bibi, shangazi au baba mdogo, walikaa kwenye kikundi chao vilevile. Katikati kulikuwa na vikao vichache vya faragha vya mtoto mmoja mmoja.

Walifanya nini humo? Wala hapakuwa na mashine wala sindano. Kwanza mtoto na mlezi huelezwa kuwa kulia, kuota ndoto mbaya na kukasirika baada ya msiba si uchizi. Jambo hilo peke yake huwashusha watu pumzi. Kisha mtoto hufundishwa kuutuliza mwili wake: kuvuta pumzi polepole hadi tumbo lijae, kuitoa polepole zaidi, mara kadhaa, mpaka moyo uache kwenda mbio. Halafu hufundishwa kuzipa hisia majina, kwa sababu mtoto anayejua neno "hasira" na "hofu" na "hatia" hahitaji kurusha jiwe ili aeleweke. Baadaye hufundishwa kuona jinsi wazo linavyozaa hisia, na hisia ikazaa kitendo.

Ndipo kinakuja kiini cha tiba. Taratibu, kidogo kidogo, mtoto husimulia siku ile. Nani alikuja kumwita darasani, aliona nini, alisikia nini, aliwaza nini. Kwa kuchora, kwa kuandika au kwa kusema. Humo katika masimulizi ndimo hutoka miiba ambayo mtu mzima asingeidhania. Mtoto anaweza kuwa ameamini kwa mwaka mzima kwamba mama alikufa kwa sababu siku ile alikataa kumchotea maji. Hakuna aliyemwambia hivyo, amejihukumu mwenyewe na anatumikia kifungo. Mnasihi humsaidia kulipima wazo hilo, na mwishoni mtoto husimulia habari yake mbele ya mlezi aliyeandaliwa kuisikia bila kumkatiza wala kumwambia anyamaze. Na hukumbuka mazuri ya marehemu pia.

Walezi nao katika kikundi chao hujifunza mambo ambayo ukiyasikia utasema ni madogo: kumsifu mtoto anapofanya vyema badala ya kuona makosa tu, kumwekea utaratibu wa kulala na kula usiobadilikabadilika, na kumwadibu bila fimbo.

Matokeo? Tuwe wakweli, kwa sababu mwandishi wa afya akiwa muuza dawa hafai. Tiba ilipomalizika, watoto waliotibiwa walikuwa na nafuu kubwa ya kiwewe kuliko waliopata huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne: Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Mwaka mmoja baadaye, Bungoma tofauti ilikuwa bado ipo, lakini Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayokaribiana.

Kwa hiyo si muujiza. Watoto wengi Allah amewaumba na uwezo wa kupona, hasa wakipata mtu wa kuwajali. Lakini atakayesema "basi tungoje, watapona wenyewe" amesahau mwaka mmoja ni nini kwa mtoto wa darasa la nne. Katika mwaka huo anaweza kuacha shule, akaenda kuponda mawe machimboni, au binti akapata wa kumliwaza asiyefaa. Sote tunakumbuka mkoa wetu ulivyotajwa katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16: kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 hapa Katavi, asilimia 45 walikuwa wamekwishazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Sisemi kila binti aliyebeba mimba alikuwa na huzuni isiyotibiwa. Umaskini upo, umbali wa shule upo, na wanaume wasiomcha Mungu wapo. Ila binti ambaye nyumbani hana wa kumsikiliza ni rahisi kudanganywa na wa kwanza atakayemsikiliza.

Nyumba ndiyo mgonjwa

Wazazi wengi wakileta mtoto hospitali au kwa sheikh husema, "Mtengenezeni huyu." Wanamkabidhi kama baiskeli iliyopasuka tairi, wao wakae nje kwenye benchi wangoje. Ndugu msomaji, mtoto si baiskeli.

Chukua talaka. Sisi dini imetupa njia ya kuachana kwa wema, lakini wangapi wanaachana kwa wema? Mtoto anahamishwa kati ya Makanyagio kwa mama na Ilembo kwa bibi mzaa baba kama mzigo. Huku anaambiwa mama yako malaya, kule anaambiwa baba yako hana maana. Halafu tunashangaa anapokuwa mwongo! Amejifunza kusema Ilembo yanayopendwa Ilembo, na Makanyagio yanayopendwa Makanyagio. Mtoto huyu ukimpeleka kwa mnasihi hodari wa Muhimbili atarudi vilevile kama wazazi hawakukalishwa. Wanaofanya tiba ya familia huwaita wote, na kazi yao kubwa ni kuwafanya wasikilizane mbele ya mtoto na kukubaliana mambo machache: tusitukanane mbele yake, tusimtume ujumbe wa vita, siku za kwenda kwa huyu na yule zijulikane. Na aambiwe waziwazi na wote wawili, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Mimi na baba yako tumeshindwana. Wewe hukukosa kitu. Baba ni baba yako, mama ni mama yako, mpaka kufa." Nusu saa ya maneno hayo inaweza kumwondolea mtoto mzigo wa miaka. Hali ni hiyohiyo anapoingia mke wa pili au mama wa kambo: mtoto aambiwe mapema na mwenye mamlaka ya kumwambia, asisikie kwa watoto wenzake kisimani.

Na baba? Baba ndiye asiyeonekana. Kipindi cha mpunga yuko shamba Mwamkulu, kiangazi yuko machimboni, akirudi mtoto anamjua kwa sauti ya mkanda. Wapo wanaosema mambo ya hisia ni ya akina mama. Basi wajue kuwa mkoani Shinyanga, kwa wakulima kama sisi, ulifanyika mpango wa kuwafundisha wazazi malezi yasiyo ya ukatili, ukaunganishwa na mafunzo ya kilimo, na wengi wa walezi waliofuatiliwa humo walikuwa wanaume. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Kumbe mwanamume wa kijijini akiitwa kwa heshima, na akiona na mahindi yake yamo kwenye mazungumzo, anakuja.

Kuhusu fimbo nitasema kwa ufupi ingawa najua nitapata barua. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inajenga maadili, nchi hii ingekuwa imejaa mawalii. Mtoto mwenye huzuni akichapwa haponi, anajifunza kuificha. Walimu wetu wa madrasa, ambao naheshimu sana kazi yao ya kujitolea, nawaomba jambo moja: mwanafunzi akibadilika ghafla, kabla ya kushika bakora mwite pembeni muulize nyumbani kuna nini.

Liko jingine la kusema kwa upole. Mzazi naye anaweza kuwa mgonjwa. Katika makambi ya wakimbizi wa Burundi mkoani Kigoma, watafiti walizifuatilia familia na kuona kuwa maumivu ya kiwewe ya wazazi na ukali wanaowafanyia watoto vinakwenda pamoja na matatizo ya nafsi ya watoto hao. Habari hiyo ituguse sisi wa Mpanda. Majirani zetu wa Katumba na Mishamo walikuja wakikimbia mauaji ya mwaka 1972, na maelfu kwa maelfu yao walipata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Cheti cha uraia hakifuti yaliyoonwa utotoni. Na si wao tu. Mama anayepigwa, bibi aliyezika watoto wake watatu na sasa analea wajukuu sita, hao nao wanahitaji wa kukaa nao. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani mjini Harare, akianza na 14, kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao matatizo yao hatua kwa hatua. Wao ugonjwa huu wanauita kuwaza kupita kiasi, kama tunavyosema sisi tu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliokaa kwenye benchi hizo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi akipona, wajukuu sita wanapumua.

Tuanzie wapi hapa Ilembo?

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Misikiti yetu ina darsa za akina mama, ina madrasa, na ina kamati zinazoweza kukusanya fedha za zulia na vipaza sauti. Kila msikiti uchague watu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, wenye sifa moja kuu: wanajua kunyamaza. Asiyeweza kutunza siri, hata awe na elimu ya kiasi gani, hafai kwa kazi hii, kwa sababu siri ya nyumba ya mtu ikifika barazani hakuna atakayekuja tena. Kamati imwandikie Ofisa Ustawi wa Jamii wa Manispaa ya Mpanda kuomba mafunzo ya ushauri nasaha kwa watu hao na namna ya kumtambua mtoto anayehitaji kupelekwa mbele. Chumba kimoja cha madrasa kiachwe wazi alasiri moja kwa wiki. Gharama yake ni mkeka, penseli za rangi na chai.

Wasijifanye madaktari. Kazi yao ni kusikiliza, kumwelekeza mlezi, na kumpeleka hospitali anayewazidi. Na wakikuta mtoto anapigwa mpaka kuumizwa, au amenajisiwa, jambo hilo lisimalizwe kwa suluhu ya wazee na ng'ombe wawili. Hapo pana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, pana Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na mtoto afikishwe hospitali siku ileile bila kuogeshwa wala kubadilishwa nguo.

Kwa nyumba ambazo haziwezi kungoja kamati yoyote, ipo huduma ya simu kwa mtoto, namba 116, ambayo mtoto mwenyewe au mtu mzima anaweza kuipiga bila malipo. Iandike kwa chaki nyuma ya mlango, kwa urefu ambao mtoto wa darasa la pili anaweza kuisoma.